Kilele cha Wasiovua Viatu

Kizibao alichopewa Tekla siku ya Jumatano kilikuwa kipya, cha rangi ya chungwa, na mgongoni kimeandikwa MPAGAZI. Alikigeuza ndani nje, labda kuna neno jingine limejificha. Halikuwepo. Pembeni yake vijana watatu waliorudi majuzi kutoka kozi ya miezi sita mjini Iringa walikuwa wameshavaa vyao vya kijani, vilivyoandikwa MWONGOZA WATALII, na wote watatu walikuwa wakitazama ardhi. Walikuwa na sababu ya kuitazama, maana Mlima Lwambi walifundishwa na Tekla, tangu enzi hawajui hata kufunga mzigo.

"Afisa, hiki siyo changu," alisema Tekla.

Aliyekuwa akigawa vizibao aliitwa Sosthenes, afisa utalii kutoka ofisi ya kanda iliyoko Iringa, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye buti mpya za kahawia na faili lisilobanduka kwapani. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, akala mahindi ya kuchemsha Nyololo, akafika Mbeya na kupandishwa huku kwenye geti jipya la mlima bila hata kunywa chai. Uvumilivu wake ulikuwa umepungua kidogo, lakini adabu alikuwa nayo.

"Mama Blessing, ni utaratibu tu. Mwenye cheti ni mwongozaji. Asiye na cheti ni mpagazi. Sikuuandika mimi."

"Mlima huu nimeupanda miaka ishirini na mitano. Muulize yeyote hapa."

"Nimeshaambiwa na kila mtu. Tatizo ni kwamba kwenye fomu hakuna nafasi ya kuandika nimeambiwa na kila mtu."

Watu waliokuwa getini wakacheka, na baadhi yao walikuwa majirani wa Tekla waliokula viazi vyake wiki iliyopita tu. Tekla hakuwa mwanamke wa kushindwa maneno, lakini alijua pia kwamba hata ukimshinda mwenye fomu, fomu inabaki palepale. Alikivaa kile kizibao, akafunga zipu mpaka shingoni, akasimama wima. Kama ni aibu, basi aivae imenyooka.

Alipogeuka ili aende zake akaliona lile jambo lililomchoma kuliko kizibao. Kando ya kibanda cha geti kulikuwa na ubao mkubwa wa mninga, umepigwa msasa na bado haujaandikwa kitu, na juu yake imebandikwa karatasi yenye maneno ambayo fundi rangi angeyanakili: MLIMA LWAMBI. KILELE CHAKE KILIFIKIWA KWA MARA YA KWANZA MWAKA 1897 NA KAPTENI REINHOLT, AKIWA NA WAPAGAZI KADHAA.

Alisoma mara mbili. Wapagazi kadhaa. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

"Afisa, hawa kadhaa, mmoja wao alikuwa na jina," alisema. "Aliitwa Mwalingo. Ni babu yake baba yangu. Yeye ndiye aliyempandisha huyo Kapteni. Kabla ya hapo alikuwa akivusha misafara ya chumvi na majembe juu ya mlima huu, ukungu uwepo usiwepo. Kapteni alimfuata nyuma hatua kwa hatua kama mtoto anayepelekwa shule."

"Una maandishi?"

"Nina baba."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii Sosthenes hakucheka. Alikuwa mtu aliyependa kazi yake, na jina lililokosekana kwenye historia lilimkera kama jino lililong'oka. Akafungua faili, akatoa nakala ya ukurasa mmoja kutoka kitabu cha huyo Kapteni, uliotafsiriwa na mwalimu fulani wa chuo, akasoma kwa sauti: "Tuliposimama juu kabisa niliwaamuru wajenge rundo la mawe, na chini yake nikafukia chupa yenye karatasi, ambayo nimeandika majina ya wote niliokuwa nao."

"Umesikia, mama? Chupa hiyo ikipatikana, na jina la babu likiwemo, naliingiza ubaoni mimi mwenyewe. Na si hilo tu. Kanuni zinasema familia iliyoongoza wageni tangu zamani, ikithibitika, inatambuliwa kuwa waongozaji wa asili. Hao hawadaiwi cheti." Alikitazama kile kizibao cha chungwa kwa aibu kidogo. "Lakini ufunguzi ni Jumamosi, na fundi rangi anaandika Ijumaa jioni. Akishaandika, ndiyo imetoka."

Tekla akaitikia kwa kichwa, ingawa moyo ulimshuka. Kilele cha Lwambi alikijua kama anavyolijua jiko lake, na hakukuwa na rundo lolote la mawe. Watu wa mali za Mjerumani, wale wanaotafuta hazina zilizofukiwa enzi za ukoloni, walikwisha kukichimbua chote, wakiwa na vile vidude vyao vya kulialia, wengine wametoka Makongolosi walikozoea kutafuta dhahabu, na wote waliondoka na vikopo vya samaki tu.

* * *

Mzee Yotamu, baba yake Tekla, alikuwa amekaa uani juani akichambua mbegu za viazi, zilizochipua upande huu, zilizooza upande ule. Alikuwa na umri wa miaka themanini na moja, mzee wa kanisa tangu Tekla hajazaliwa, na aliwahi kuwa kiongozi wa mlima mpaka goti lilipomkatalia. Mume wa Tekla, Dastan, alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka gereji yake ya pikipiki kule Iyunga, mikono bado ina grisi. Alikiona kizibao, akasoma mgongo, akaenda kwanza kutafuta maji ya kunawa, kwa kuwa miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa imemfundisha asiulize haraka.

Tekla akawasimulia yote, la kizibao, la ubao na la chupa.

"Mbona hilo dogo," alisema Dastan akinawa. "Chupa za kizamani zipo. Pale sokoni kuna mzee anaziuza, za kijani, nene, zina mapovu kwenye kioo. Karatasi tunaichovya kwenye chai. Mwandiko wa Kijerumani ananiandikia yule mchungaji aliyesoma ng'ambo."

"Dastan."

"Nasema tu."

"Mchungaji atakuandikia jina la uongo?"

"Siyo la uongo. Jina ni la kweli, chupa ndo ya uongo."

Tekla alicheka bila kupenda, ila Mzee Yotamu hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kapu, na kiazi kizima kimeangukia upande wa vilivyooza. Hilo lilimfanya Tekla amtazame vizuri, maana baba yake hakuwahi kukosea kiazi.

"Hamtaipata kileleni," alisema mzee.

"Najua, baba. Walishaichukua watu wa mali za Mjerumani."

"Hawakuichukua. Haijawahi kuwa kileleni."

Akaomba maji. Dastan alimpa, akanywa taratibu, akafuta mdomo kwa kiganja, na alipoanza kusema alisema kama mtu anayetua mzigo ambao hakumbuki tena ni nani aliyemtwisha.

"Unajua tunavyofanya pale njiapanda ya juu. Ukitaka kilele, unavua viatu."

"Najua. Umenifundisha wewe."

"Na asiyetaka kuvua?"

"Nampeleka Kadogo, akaone mabonde, tunarudi." Kadogo ni kilele cha chini, bega la mlima, kiko upande wa kulia wa njiapanda. Ukiwa juu yake siku ya ukungu, huoni kwamba kuna kingine kirefu zaidi nyuma yako.

"Basi Kapteni hakutaka kuvua."

Dastan akakaa chini juu ya debe bila kuangalia kama lina kitu.

"Mwalingo alimwambia vizuri," aliendelea mzee. "Kule juu wakati ule kulikuwa na vyungu vya mvua, ambavyo wazee walifanyia matambiko. Hakuna aliyefika pale na viatu wala silaha, hata mtemi. Kapteni akamcheka. Alikuwa na askari saba na bunduki. Babu hakubishana. Kulikuwa na ukungu. Akasema haya, bwana, nifuateni, akawapitisha kulia. Walipofika Kadogo akasema tumefika. Kapteni akapima kwa vyombo vyake, akawapa watu mkono, akajengesha rundo lake la mawe. Aliposhuka alimpa babu doti mbili za kitambaa na mfuko wa chumvi."

"Sisi tunasema babu alimfikisha kileleni," alisema Tekla polepole. "Mimi nimewaambia wageni hivyohivyo. Miaka ishirini na mitano, baba."

"Mwanzoni tulinyamaza kwa sababu wangemnyonga. Walipoondoka Wajerumani, hadithi ilikuwa imeshakua, watu wanatusifia. Utaanza wapi kusema? Na mimi ni mzee wa kanisa, nisimame nizungumzie vyungu vya mvua?" Akakitazama kile kiazi, akakirudisha upande wake. "Halafu, mwanangu, nani anataka kuwa mjukuu wa kiongozi aliyempoteza mgeni wake?"

Tekla alikasirika, na hakuficha. Alimwambia baba yake kwamba amemfanya mwongo bila kumwomba ruhusa. Mzee akakubali, akainamisha kichwa, na kile kichwa cheupe kilichoinama kikamkata Tekla hasira nusu. Nusu iliyobaki ilikatwa na wazo jingine.

"Ngoja kwanza. Lile rundo la Kadogo. Lile ambalo kila anayepita anaongeza jiwe."

"Ndilo."

"Si tunaambiwa ni heshima ya wazee?"

"Mwalingo ndiye aliyeanzisha. Alisema kila apitaye aweke jiwe lake. Watu wakaona ni jambo zuri, wakaweka." Mdomo wa mzee ulitaka kutabasamu, ukajizuia. "Alikuwa anaificha chupa. Na sisi tumemsaidia kuificha, mimi, baba yangu, wewe."

Tekla akaanza kuhesabu mawe yake mwenyewe kichwani, akashindwa. Robo karne amekuwa akilizika jina la babu yake kwa mikono yake, na kila alipolizika alisema asante. Akacheka mpaka akashika ukuta.

* * *

Ijumaa asubuhi alimpandisha Sosthenes. Waliondoka getini saa kumi na mbili na nusu, Tekla mbele na kizibao chake cha chungwa, afisa nyuma na buti zake. Walipita mashamba ya pareto, wakaingia msituni, wakatokea kwenye majani marefu ambako ukungu ulikuwa umekaa. Hapo Tekla alianza kufunga mafundo, shungi moja la nyasi kila baada ya hatua thelathini, kichwa cha fundo kikielekea nyumbani.

"Hiyo kwenye kozi hawafundishi," alisema Sosthenes akihema.

"Kwenye kozi hakuna ukungu."

Saa nne walifika njiapanda. Sosthenes alitoa simu yake yenye ramani, akaonyesha kushoto, lakini Tekla alikuwa ameshasimama upande wa kulia.

"Mama, kilele ni huku."

"Kilele ni huko. Chupa iko huku."

Hapo ndipo alipomweleza. Hakuficha kitu, hata zile doti mbili za kitambaa. Alikuwa amejiuliza usiku kucha kama aseme kabla ya kuipata au baada, akaamua aseme kabla, kwa sababu akisema baada ya kuipata ingefanana na mtu anayefanya biashara. Sosthenes alisikiliza akiwa amefungua mdomo kidogo. Mwisho aliuliza swali moja tu.

"Una uhakika ipo?"

"Sina. Tuna mawe ya kutoa."

Mawe yalikuwa mengi kuliko walivyodhani. Rundo la Kadogo liliwafika kifuani, na waliyatoa moja moja wakiyapanga pembeni, maana Tekla alikataa yatupwe. Mengine aliyatambua. Kulikuwa na jiwe jeupe alilopanda nalo akiwa na mimba ya Blessing. Kulikuwa na jiwe bapa aliloweka wiki aliyomzika mama yake. Hilo alilishika muda mrefu, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Sosthenes akageuka kutazama ukungu mpaka alipomaliza.

Chini kabisa, kwenye mawe yaliyoota kuvu ya kijivu, palikuwa na shingo ya chupa. Ilikuwa imezibwa kwa lakiri nyekundu. Sosthenes aliitoa kwa mikono miwili, akaiweka juu ya koti lake, akaivunja lakiri kwa kisu.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai pembeni, lakini katikati ilisomeka. Mwandiko ulilala upande mmoja, wino kahawia. Tarehe, vipimo vya urefu, halafu majina yamepangwa kwenda chini. La sita lilikuwa Mwalingo. Mbele yake kulikuwa na maneno mawili.

"Yanasemaje?" aliuliza Tekla.

Sosthenes akapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, akayaandika kwenye simu herufi kwa herufi, akangoja. Kisha akashuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kucheka kanisani.

"Kiongozi mwaminifu."

Tekla akakaa kwenye nyasi zenye maji. Alicheka kicheko ambacho angependa sana baba yake akisikie. Kapteni alikuwa amesimama hapahapa, na buti zake, na bunduki saba, na vyombo vyake vya kupimia, amemgeuzia kilele mgongo, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kiongozi wake ni mwaminifu.

"Basi tumemaliza," alisema Sosthenes akikunja karatasi kwa uangalifu. "Jina lipo. Naandika hivi: Kapteni Reinholt alifikishwa kileleni na Mwalingo, kiongozi wa kwanza wa mlima huu. Kitabu chake mwenyewe kinasema walisimama juu kabisa. Wewe unapata kizibao cha kijani, mzee anafurahi, Iringa wanafurahi. Wageni wa kesho wana waandishi wa habari. Hili la Kadogo tunaliacha hapahapa Kadogo."

Tekla akaacha kucheka. Jambo alilolitaka tangu Jumatano lilikuwa mbele yake, limeiva, na mtu ananyoosha mkono kumpa. Hakuna hata aliyemwomba aseme uongo. Aliombwa anyamaze, kazi ambayo familia yake ilikuwa na uzoefu nayo.

"Usiandike hivyo," alisema.

"Mama, si unalitaka jina?"

"Leo nalitaka kuliko juzi. Ila babu hakumfikisha, babu alimzuia. Ukiandika alimfikisha, hujamwandika yeye, umeandika mtu mwingine mwenye jina lake."

"Mkuu wangu ataniuliza, tunawatangazia watalii kwamba kiongozi wetu wa kwanza alimpotosha mteja?"

"Mteja gani anakuja na askari saba?" Tekla alisimama, akapangusa nyasi kwenye suruali. "Afisa, kumfikisha mtu kila anakotaka hata punda anaweza. Yule mzee alikuwa na mtu mwenye bunduki mgongoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajua afanye nini. Na aliwarudisha wote salama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kama kwa hiyo sipati kizibao, basi nitashuka na hiki cha chungwa, na kesho nitabeba mizigo."

Sosthenes alitazama karatasi, akatazama rundo lililobomolewa, akatazama kwenye ukungu, kule mlima usioonekana ulikokuwa ukiendelea kupanda.

"Kiko mbali?" aliuliza. "Hicho kilele chenyewe."

"Nusu saa toka njiapanda."

"Na lazima kuvua?"

"Hata ungekuwa mtemi."

Walirudi njiapanda. Afisa akakaa juu ya jiwe, akafungua kamba za buti mpya, akatoa soksi, akazikunja vizuri na kuziingiza ndani ya buti. Alipokanyaga majani alivuta pumzi kwa meno, maana majani ya Lwambi siku ya ukungu yana baridi ya kung'ata mifupa. Tekla alivua vyake, akapita mbele. Hawakuzungumza njiani, isipokuwa pale Tekla aliposema angalia mwiba, na pale Sosthenes aliposema nimeshaukanyaga.

Walipokuwa juu ukungu ulifunguka kidogo, kwa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai. Sosthenes alitazama chini. Kadogo kilikuwa mbali kule, kidogo kweli, na juu yake likaonekana koti lake la bluu alilolisahau.

"Kapteni alisimama pale?"

"Palepale kwenye koti lako."

Afisa wa ofisi ya kanda akacheka peke yake, huku akiugulia nyayo zake, na Tekla akajua kwamba sasa analo jambo la kumwambia mkuu wake ambalo fomu haiwezi kulifuta.

Wakati wa kushuka alichechemea. Hata hivyo, mfuko wa Tekla aliubeba yeye mpaka getini, na Tekla, ambaye huwezi kumzuia kutania, alivua kile kizibao cha chungwa na kumvika.

* * *

Jumamosi watu walijaa. Mzee Yotamu aliletwa kwa pikipiki ya Dastan, amevaa koti lake la kwenda kanisani, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya ubao uliofunikwa kitambaa. Hakuwa na amani. Tekla alikuwa amemwambia kilichopatikana, lakini ubaoni kutaandikwa nini hakujua mtu, maana Sosthenes alikuwa ameongea na Iringa kwa simu mpaka betri ikaisha, kisha akajifungia kibandani na fundi rangi.

Mgeni rasmi akavuta kitambaa. Mzee hakuona vizuri herufi, akamshika Tekla mkono.

"Nisomee."

Tekla akasoma, na kwa kuwa sauti yake ilizoea kuita watu kwenye ukungu, walisikia wote. "Mlima Lwambi. Kilele chake kilijulikana na wazee wa hapa tangu kale. Mwaka 1897 Kapteni Reinholt alitaka kukipanda, akakataa kuvua viatu. Mwalingo, kiongozi wa kwanza wa mlima huu ambaye jina lake limeandikwa, alimpeleka Kadogo. Kapteni alikufa bila kujua."

Mzee akainamisha kichwa kama siku ile ya viazi. Kisha kicheko kikaanza nyuma kwa akina mama wa pareto, kikaja mbele, kikafika kwa wazee wenyewe, na wapo walioshikana mabega. Mzee Yotamu alisikiliza. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hawamcheki Mwalingo. Alipoelewa aliinua uso, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Soma tena pale pa viatu," alisema.

Tekla akasoma tena. Alikuwa amevaa kizibao cha kijani kilichomzidi kidogo, ambacho Sosthenes alikuwa amempa asubuhi bila hotuba, na wale vijana watatu walikuwa wamesimama nyuma yake, sasa wakitazama mbele.

Msafara ulipojipanga, mgeni rasmi, mtu mnene mwenye raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona tope, akamsogelea mzee kumwamkia. "Shikamoo, mzee. Sasa huko juu, nasikia mnavuana viatu. Ni lazima kweli?"

"Marahaba. Si lazima hata kidogo, mwanangu," alijibu Mzee Yotamu kwa upole kabisa. "Wasiovua wana kilele chao."

Mgeni rasmi aliutazama ubao, akautazama mlima. Watu wote walimtazama yeye. Basi akainama palepale getini, tumbo likimpa taabu, akaanza kufungua kamba za raba.

"Zifunge kwanza, mheshimiwa," alisema Tekla akipita mbele ya mstari. "Njia bado ndefu. Pa kuvulia nitakuambia mimi."